Mbao Tatu za Fundi Guyo

Halima, picha uliyonitumia kwa simu imefika. Nimeiangalia na miwani, nikaiangalia bila miwani, kisha nikamwita mke wangu naye aiangalie. Tulboksi, hilo sanduku lako jipya la vifaa, ni nzuri. Droo kumi na moja, magurudumu manne, rangi nyekundu ambayo bado haijaonja oili. Juu yake naona bati jembamba tu la kiwandani, na wewe umeniuliza: "Fundi Mzee, tuweke nini hapo juu, kitu ya kudumu?" Vijana wako wanne wamesimama nyuma yako wanacheka. Kwa ajili yao nimeamua kujibu kwa daftari badala ya simu. Someni pamoja saa ya chai.

Jibu fupi ni mbao. Meru oak, mti mgumu wa kwetu mlimani, unene inchi mbili, iliyokauka kabisa. Kama kuna gari linangoja, fungeni daftari hapo mwende mkafanye kazi.

Jibu refu lina babu yako ndani yake, Halima, na lina wewe. Mwezi uliopita nilipokuja hapo gereji niliyokuachia nikakaa kwenye lile tairi karibu na mlango, nilikuona ukitafuta spana namba kumi na tatu. Ilikuwa karibu na kiwiko chako cha kushoto, waziwazi. Ulipapasa meza mpaka ukaigusa, ukaendelea na kazi huku unataniana na mteja. Wengine hawakuona. Mimi niliona, kwa sababu niliwahi kuona mkono mwingine ukitembea juu ya meza vile vile, na wakati ule sikuelewa.

Nitaanza na meza, maana ndiyo niliyoulizwa. Mkiona nazunguka mnivumilie. Mtu akistaafu, spana anawaachia wengine, anabaki na mdomo.

Nilishuka Isiolo kutoka upande wa Meru nikiwa kijana wa miaka ishirini, nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Baba yangu alikuwa mpasua mbao, kwa hivyo nilijua mti kabla ya kujua injini, na hilo mlikumbuke nitakapowaambia nilichofanya. Babu yako alinitazama pale mlangoni pa gereji, mrefu, kofia nyeupe, ovaroli imefungwa kiunoni kwa mikono yake, akasema, "Wewe ya mlima, toa sweta. Injini ya huku haina baridi." Hakuniuliza cheti. Alinipa kitambaa na karai la mafuta ya taa, akaniambia nioshe nati. Niliziosha mpaka adhana ya saa kumi.

Jina lake lilikuwa Guyo, mtu wa Kinna, na kutoka Isiolo kwenda juu hapakuwa na dereva wa lori asiyemjua. Lami haikuwepo enzi hizo. Lori likitoka mpakani lilifika kwetu limetikiswa siku mbili, springi zimekatika, nati zimejifungua zenyewe njiani. Waislamu aliwasalimia salaam aleikum, sisi wengine habari ya asubuhi, na injini aliiambia Bismillahi kabla ya kuiwasha. Hata lori la mchungaji wa kanisa aliliwasha kwa Bismillahi, na mchungaji akaitikia amina. Natamani kuisikia tena, hata mara moja, ile Bismillahi yake ya sauti ya chini halafu injini inakohoa na kushika.

Tulboksi hatukuwa nayo. Tulikuwa na kabati la chuma lililochomelewa kutoka kwenye ubavu wa lori lililopinduka, na juu yake babu yako alikuwa amefunga mbao tatu za Meru oak, moja kando ya nyingine. Mbao zile zilikuwa na matundu kila mahali. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alifikiri zimeliwa na mchwa.

Nyinyi mna visahani vya sumaku vya kuwekea bolti, na mnapiga picha kwa simu kabla ya kufungua. Ni vizuri, sina neno. Lakini mnajua kwamba ukifungua kifuniko cha mbele cha injini, bolti zake hazilingani urefu. Kuna ndefu, kuna fupi, kuna moja ya katikati ambayo haipendi kukaa kwingine. Fundi Guyo alichukua gasketi ya zamani ya kifuniko hicho, ile karatasi ya kuziba yenye matundu ya bolti, akailaza juu ya ubao, akatoboa tundu kwa kila bolti, umbo lile lile. Bolti ikitoka kwenye injini inaingia kwenye tundu lake. Wakati wa kufunga, unairudisha ilikotoka. Ubao wa kushoto ulikuwa wa vifuniko vya mbele vya malori yote tuliyoyahudumia. Wa katikati ulikuwa wa pampu za dizeli. Wa kulia ulikuwa wa gia boksi. Ukingoni, upande wa kusimama fundi, alikuwa amechonga mikato midogo kwa kisu, na kila spana ilikuwa na mkato wake.

Alikuwa na sheria moja: kitu kikilala hapa, kinaamka hapa. Siku moja nilihamisha kopo la grisi kutoka kona ya kushoto kwenda kulia, akanifukuza mpaka saa nane. Nikakaa nje kwenye jua nikinung'unika kwa Kimeru. Nilidhani ni ukali wa uzee.

Halafu alikuwa na hili neno lake: "Mutwiri, nisomee hiyo namba, jicho imeingia vumbi." Vumbi la Isiolo tunalijua sote, kwa hivyo nilisoma. Namba ya pampu, namba ya bearingi, namba kwenye pakiti ya gasketi. Miaka yote ile nilisoma na sikujiuliza hata siku moja ni vumbi gani hilo lisilotoka.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Gereji nyingine ilifunguliwa mjini, na hao wenzetu walikuwa na meza ya chuma kitupu inayong'aa. Wateja walikuja kwetu wakitusimulia. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alipiga ubao wetu kwa fimbo yake akasema, "Guyo, hii meza ungepea wamama wachujie maziwa." Watu walicheka. Babu yako alicheka pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kujiita fundi, na fundi kijana huona haya haraka.

Wiki hiyo lori la mtu lilivunja ekseli huko Sericho, na Fundi Guyo akaondoka na dereva kwenda kulitengeneza. Mnajua Sericho, ukienda hujui utarudi lini. Safari ile ilinipa siku tano. Siku ya kwanza nilifungua skurubu za mbao zile tatu. Siku ya pili Mama Ekai, yule Mturkana aliyekuwa na hoteli ya chai Ngaremara, alipita na pikapu akitafuta mbao za rafu, nikampa zote. Siku ya tatu na ya nne fundi wa kuchomelea alikata sahani ya chuma ya milimita nne, akaifunga juu ya kabati. Siku ya tano niliisugua kwa msasa, nikaiosha kwa sabuni mpaka ikawa kioo. Nilitaka mzee wangu akirudi afurahi. Hilo naomba mliamini, hata kama hamtaamini mengine.

Alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye meza kama kawaida yake, akaweka mkono. Mkono ukasimama. Kisha ukaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, pole pole, ukarudi ukingoni, ukatafuta ile mikato ya spana.

"Mbao iko wapi?"

"Nimeitoa, Fundi. Ilikuwa imezeeka. Nimeweka chuma."

Mkono bado uko pale juu.

"Inang'aa?" akaniuliza.

Alikuwa amesimama mbele yake, vijana, jua limeingia mlangoni limeipiga ile sahani mpaka mimi mwenyewe nimekunja uso. Na aliniuliza kama inang'aa.

"Inang'aa sana, Fundi. Unaweza kujiona uso."

"Basi ni nzuri," akasema, akatoka kwenda kutawadha.

Siku chache baadaye alifungua injini ya lori la yule mfanyabiashara wa mbuzi. Bolti kumi na mbili za kifuniko cha mbele alizipanga juu ya chuma kwa mstari. Lori lingine likapita nje, meza ikatetemeka, bolti zikaviringika. Nilizikusanya nikampangia upya, kwa kukisia, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Alipofunga, bolti ndefu iliingia kwenye tundu fupi. Aliikaza, na tukasikia mlio mdogo wa kukatika ndani ya injini. Kila aliyekuwa gereji aligeuka. Bloku, mwili wenyewe wa injini, ilikuwa imepasuka.

Mwenye lori alisema maneno ambayo sitayaandika, Halima, kwa kuwa yalimhusu babu yako. Fundi Guyo alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Ni mimi," alisema. "Makosa ni yangu." Mimi niliyezipanga nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kitambaa mkononi, na sikufungua mdomo. Nilijiambia kwamba fundi mkuu ndiye huangalia kabla ya kukaza. Ni kweli, fundi mkuu huangalia. Nilikuwa sijui kwamba wangu hawezi.

Ijumaa ile baada ya swala alinipa funguo. "Narudi Kinna," akasema. "Iko shamba, iko maji ya mfereji. Nimechoka na chuma." Nilimsihi abaki, lakini nilimsihi kwa mdomo. Moyoni kuna kitu kiliruka kwa furaha, kwamba sasa mimi ndiye fundi mkuu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Na ile sahani ya chuma ilinifundisha kazi ndani ya miezi mitatu, kwa hivyo hapa mnaosoma kwa ajili ya meza tu, amkeni. Chuma katika Isiolo ikifika saa sita mchana huwezi kuegemeza mkono. Kila kitu cha mviringo juu yake kina safari, hasa golori za bearingi, na golori ikishaingia chini ya lori imekwenda. Ukiangusha kipande chenye nyuzi za skurubu, nyuzi zinakunjika, chuma kwa chuma. Betri ndiyo usiseme. Niliweka betri juu yake nikasahau spana iliyokuwa imelala nusu juu ya chuma, nusu juu ya kichwa cha betri, halafu waya wa kichwa cha pili ukagusa meza. Ule mwale ulinichoma nyusi. Nilitembea wiki mbili bila nyusi za kushoto, na madereva wakawa wananiuliza kama nimeshangaa upande mmoja.

Nimeona pia plaiwudi iliyobandikwa fomaika. Ni safi, inapendeza, jamaa mmoja wa miraa aliniletea kipande kama asante baada ya kumtengenezea pikapu yake kwa dakika arobaini. Mtu wa miraa hana subira, mzigo wake unanyauka akikutazama. Fomaika ile ilidumu mpaka dizeli ilipoingia ukingoni. Plaiwudi ikavimba, ikafunguka kurasa kama Biblia iliyonyeshewa. Nimeona vigae, vikapasuka siku silinda hedi ilipoteleza mikononi. Nimeona mpira wa lori uliotandikwa mzima, petroli ikaulainisha mpaka spana zikaanza kunata. Kila kimoja kina mahali pake. Mpira kipande kidogo, wa kutandika chini ya kitu kizito halafu unautoa. Sahani nyembamba ya bati yenye kingo, ya kazi ya maji na oili, nayo unaitoa. Lakini kinachokaa pale siku zote kiwe mbao.

Nilikwenda Kinna baada ya miezi hiyo mitatu, nikiwa nimebeba buni ya kukaanga, maana alipenda buni yake kwenye samli. Sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda kumuuliza kuhusu pampu iliyonishinda. Mama yako Talaso, msichana bado, ndiye aliyemtoa nje. Mkono wa mzee ulikuwa begani kwake. Alinisalimia kwa furaha kabisa, akiangalia pembeni ya sikio langu.

Nilikaa naye chini kwenye mkeka.

"Tangu lini, Fundi?"

"Zamani," akasema. "Kwanza ilikula pembeni. Mbele naona, pembeni hakuna. Halafu ikaja pole pole mpaka katikati."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nani analeta lori kwa fundi kipofu?" Akacheka kidogo. "Na sikuwa na shida, Mutwiri. Ile meza ilikuwa inaniambia kila kitu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeshukuru. Talaso ndiye aliyenieleza nilipokuwa naondoka kwamba hospitalini walisema ni presha ya macho. Walisema angefika mapema wangempa dawa ya matone, angebaki na macho aliyokuwa nayo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi gereji nzima tulimsaidia kuficha, kila mtu akimsomea namba yake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Ngaremara, kwa Mama Ekai. Nilimkuta anapanga vikombe.

"Mama, zile mbao nilizokupa, nazitaka."

"Mbao gani? Ile moja nimekata miguu ya benchi. Ingine nimepikia mvua ile kubwa, kuni zote zilikuwa zimelowa." Akaonyesha kwa mdomo nyuma yake. "Hii ndiyo imebaki. Nimeipenda, matundu yake inashika vijiko."

Ulikuwa ubao wa katikati, wa pampu. Vijiko vimesimama ndani ya matundu ya Fundi Guyo, vimenyooka. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikamwomba.

"Halafu mimi niweke vikombe wapi?" akasema. "Lete kitu ya kubadilisha."

Nilimletea ile sahani ya chuma siku hiyo hiyo. Ilimfaa, ilikuwa rahisi kuosha, na wateja wake walisema hoteli imekuwa ya kisasa. Inang'aa, alinisifia.

Ubao niliubeba mpaka Kinna nikauweka kwenye mapaja ya mzee. Alijua ni nini kabla sijasema. Vidole vilianza kutembea. "Hii ni pampu ya lori ya maji. Hii ni ile ya dereva alikuwa anaimba. Hii hapa," akagonga tundu moja lililopinda, "hii ulitoboa wewe, ulikuwa na haraka ya kwenda kula." Tukacheka wote, hata Talaso. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona tukirudi naye gereji. Nilikuwa nimepanga maneno, kwamba nitampa kiti, kwamba nitakuwa macho yake, kwamba pampu zote za Isiolo zitapita mikononi mwake.

Kisha mkono wake ukafika mwisho wa ubao. Haukusimama. Uliendelea hewani, upande wa kushoto, ukitafuta ubao uliofuata.

"Ya kushoto iko wapi?"

"Ilikatwa, Fundi."

"Na ya kulia?"

"Ilichomwa."

Akarudisha mkono kwenye mapaja yake. "Basi," akasema. "Talaso, leta chai." Tulipomaliza chai alinirudishia ubao, akaniambia nikae nao, yeye ameshausoma. Nilimwambia yale maneno yangu ya kurudi gereji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ile pampu iliyonishinda ni ya gari gani, akanieleza tatizo liko wapi. Alikuwa sahihi. Hakurudi Isiolo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Halima, wewe mwenyewe alikubeba. Nilimtembelea mara nyingi, lakini ilikuwa ziara, haikuwa kazi. Mtu uliyefanya naye kazi ukimtembelea nyumbani mnazungumza mvua na mbuzi. Ninachokikosa ni kusimama naye meza moja, bega kwa bega, hakuna anayeongea, yeye ananyoosha mkono na mimi najua anataka nini. Mpaka leo mke wangu akininyooshea mkono jikoni najiuliza anataka spana namba ngapi.

Ile meza iliyo ukutani, mnayofungia vaisi ya kubania vyuma, niliitengeneza mwaka uliofuata. Mbao zake nilizifuata mwenyewe Meru. Sikilizeni vizuri sasa. Mbao ikishuka kutoka mlimani ina maji ndani, hata muuzaji akiapa. Ukiifunga siku hiyo hiyo, joto la Isiolo litaipasua. Ipange kivulini, kipande na kipande kikitenganishwa na vijiti, iache miezi mitatu au minne ijifunze hewa ya huku. "Kama wewe na sweta," babu yako angesema. Angalia vichwa vya ubao, kama kuna ufa, kata mpaka uishe. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikikauka inajibu. Ifunge kwa skurubu kutoka chini, na matundu ya skurubu uyafanye marefu kidogo, maana mbao hupumua, ukiibana sana itajipasua kwa hasira. Kingo zipigwe randa ziwe duara. Usiipake oili chafu, ni uvivu, itakuchafua maisha yako yote. Yeyusha nta ya nyuki juu ya maji ya moto, iondoe kwenye moto mbali kabisa, ndiyo utie mafuta ya taa kidogo, upake kwa kitambaa ikiwa bado vuguvugu, na urudie kila mwezi. Na vaisi iacheni ukutani. Mkiifunga juu ya tulboksi ya magurudumu, siku mtu akivuta kwa nguvu yote itawalalia miguuni.

Mmeona ile meza ya ukutani haina tundu hata moja. Ni mimi. Nilishika drili mara nyingi, gasketi nimeilaza tayari, mkono ukakataa. Nilijiambia matundu yalikuwa yake. Nikafanya kazi maisha yangu yote juu ya ubao mtupu, na bolti nikazipanga kwenye makopo.

Halima, sasa ni mimi na wewe, na hawa wanne wasikie. Najua hutapenda niseme mbele yao. Lakini babu yako tulimnyamazia mbele ya watu wote, na sitarudia. Presha ya macho huenda na damu. Muulize mama yako, aliambiwa. Inaanza pembeni, haiumi, na mtu hodari anaweza kuificha hata nafsi yake kwa miaka. Wewe ni hodari. Labda siku ile ulikuwa umechoka tu, na spana ilikuwa na oili, na mimi ni mzee mwenye hofu. Nitafurahi sana mkinicheka.

Ubao wa katikati uko hapa kwangu, nyuma ya kitanda. Nimeupaka nta kila mwezi tangu siku ile. Ni wako, na upana wake nimeupima kwa kukisia kwenye picha, unatosha kuwa theluthi ya tulboksi yako. Lakini sitauleta kwa sababu umeniuliza vizuri. Nitauleta siku utakayoniletea karatasi ya daktari wa macho, iwe inasema nini.

Ikisema hakuna kitu, tutaongeza mbao mbili mpya, moja kushoto moja kulia, na utazifanyia unavyotaka. Ikisema kuna kitu, utaanza matone siku hiyo, na mbao mbili tutaziongeza vile vile. Niletee gasketi zote za zamani ulizonazo, usitupe hata iliyokatika. Nitakuja na drili yangu. Mkono hautakataa tena.